Miso ya kutengeneza nyumbani: huu ukungu wa koji una usalama kweli?

Mama Tunu, Iringa

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi.

Nina jambo la jikoni linaniumiza kichwa. Miaka ya nyuma nilimpangisha chumba cha uani binti wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu sekondari. Jioni alikuwa akipika supu yake ya miso, lile rojo lao la soya iliyochachushwa kwa chumvi, kwenye jiko langu la mkaa, anatupia mchicha wa bustanini kwangu, na mimi nikawa mtu wa kuchungulia sufuria ya mpangaji. Alisharudi kwao lakini hatujatupana. Juzi kanitumia kwa mkono wa mtu kifurushi cha gramu 20, unga wa kijani kama ugoro, anasema ni mbegu ya koji. Maelekezo yake: pika mchele kwa mvuke, nyunyizia mbegu, otesha ukungu, changanya na soya na chumvi, funika, subiri.

Hapo kwenye "otesha ukungu" ndipo shemeji yangu alipokuja juu. Shemeji ni bwana shamba, anazunguka vijijini kuhubiri habari za sumukuvu: mahindi yenye ukungu tupa, karanga zenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Kaangalia ule unga akaniambia, "Shemeji, mimi nashinda juani kuwakataza watu hiki kitu, wewe unakipanda makusudi?" Nikakosa jibu.

Soya ninayo ya Songea, safi, huwa nachukua kwa ajili ya unga wa lishe. Ninachotaka ni mtu aliyefanya kwa mikono yake aniambie: ukungu huu unaliwa kweli? Mama mkwe ana presha, naweza kupunguza chumvi nusu? Na hili baridi la Iringa la mwezi wa sita na wa saba, mbegu itaota? Vyombo nilivyo navyo ni ndoo ya plastiki ya lita 10 iliyokuwa na mafuta ya kupikia, na masufuria makubwa ya alumini ya shughuli. Naombeni msinielekeze nikasome mtandaoni, nimesoma mpaka macho yanauma na kila mtu ana lake.

Chapati Mbili

Mama Tunu, tupe na namba ya mjumbe wa mtaa wako tumpe pole mapema, majirani wakianza kulalamikia harufu. Nimekaa hapa nasubiri majibu ya wenye akili.

Sefu wa Okazaki

Marahaba Mama Tunu. Nipo Okazaki, mkoa wa Aichi, nashughulika na vipuri vya magari, na mke wangu ni wa hapa hapa. Kila mwisho wa Januari mama mkwe anakuja na ndoo zake, na mashine ya kuponda soya ni mimi. Kwa hiyo nitakujibu kwa mikono.

Nianze na shemeji, maana hajakosea. Ukungu wa koji ni Aspergillus oryzae. Wa sumukuvu ni Aspergillus flavus. Ni ndugu wa damu kabisa, wote wakikomaa wanatoa vumbi la kijani-njano, na mimi na wewe kwa macho hatuwezi kuwatofautisha, hata mama mkwe wangu hawezi. Tofauti ni kwamba huu wa koji Wajapani wameufuga kwa karne nyingi, na huu wa kufugwa hautoi sumu. Wanauheshimu hadi Jumuiya ya Utengenezaji Pombe ya Japani iliutangaza mwaka 2006 kuwa ukungu wa taifa. Sasa maana yake kwako: ulinzi wako ni kile kifurushi. Mbegu iliyotoka kwa watu wanaoizalisha kitaalamu, iwahi kuukalia mchele kabla mgeni mwingine hajafika. Usiwahi kuotesha ukungu "wa hewani" ukauita koji, na usichukue koji yako ya mwaka huu ukaifanya mbegu ya mwakani. Kifurushi cha gramu 20 kwa kawaida kinatosha mchele kilo 15, kwa hiyo huna sababu ya kubana. Kihifadhi kwenye friji, kikiwa kikavu.

Kwa kilo moja ya mchele chukua gramu moja na nusu hivi. Ni kidogo mno kusambaza kwa mkono, kwa hiyo changanya na kijiko cha unga wa ngano uliokaangwa mkavu ukapoa. Mchele wa kawaida unatosha, wa Kyela kuleni wenyewe. Loweka usiku kucha, chuja maji mpaka yaishe kabisa kudondoka, kisha pika kwa mvuke karibu saa moja. Narudia, kwa mvuke. Wali wa kuchemsha una maji mengi na utapata uji uliochacha. Unataka punje iliyoiva ndani lakini nje haishikani. Mwaga kwenye kitambaa safi, upoe hadi ufikie joto la mwili, nyunyizia mbegu, sugua kwa viganja, funga kitambaa.

Baridi la Iringa lisikutishe. Tafuta deli, yale ya wauza barafu, weka chupa mbili za maji ya moto ndani na bunda lako katikati, joto lisimame kwenye nyuzi 30 hadi 33. Kipimajoto nunua, hapa hakuna kukisia. Mpaka saa 18 au 20 utadhani hakuna kinachotokea. Baada ya hapo mambo yanageuka: ukungu ukishashika, unajitengenezea joto wenyewe, na kazi yako inakuwa kuupooza. Toa chupa za moto, fumua mabonge, tandaza mchele uwe mwembamba, acha kifuniko wazi kidogo. Ukipita nyuzi 40 ukungu unaanza kufa na bakteria wanaingia. Utajua kwa utelezi na harufu ya amonia. Hiyo tupa, usiihurumie. Watu wengi wakisimulia kwamba koji imewashinda, ukiwauliza walifanya nini usiku wa pili, walikuwa wamelala.

Saa 42 hadi 48 unavuna. Mchele uwe umevaa manyoya meupe, umeshikana, unanukia utamu. Meupe, Mama Tunu. Ukiona kijani kimeanza, Mjapani mzoefu anayeijua mbegu yake atasema ni koji iliyopitiliza, itakuwa chungu tu. Wewe uliyeanza, tena una bwana shamba nyumbani, sheria yako iwe moja: kijani ni jalala.

Soya sasa. Kilo moja kavu, chambua zilizovunjika na zenye madoa, loweka kwa maji mara tatu ya ujazo wake usiku mzima na zaidi. Chemsha mpaka punje ipondeke kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho bila kukaza. Kidole cha mwisho, kwa sababu hakina nguvu. Hapa kwetu ni saa tatu nne. Huko kwenu juu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo jiandae na mkaa wa kutosha. Ponda ikiwa ya moto, kwenye kinu au mashine ya kusagia nyama. Acha ipoe chini ya nyuzi 40 ndipo uchanganye na koji kilo moja na chumvi gramu 430. Utapata kilo tatu na nusu na ushee, chumvi ikiwa asilimia 12.

Kupakia ndiko ninakokupenda kuliko kote. Unafinyanga mabonge ya ukubwa wa ngumi na kuyatupa kwa nguvu ndani ya ndoo, pwaa, ili hewa itoke. Watoto wape hiyo kazi. Kandamiza kwa ngumi, futa kuta za ndoo, nyunyiza chumvi juu, hasa pembeni, laza karatasi ya nailoni ya chakula igusane na miso yenyewe, kisha uzito. Hapa mjini kwetu kuna viwanda viwili vya miso ya Hatcho, soya na chumvi tupu bila mchele. Pipa moja la mwerezi lina miso tani sita na juu yake mawe ya mto tani tatu, yamepangwa kwa mkono kama piramidi, na yanakaa hivyo miaka miwili na zaidi. Usiige. Kwa ndoo yako mfuko wa chumvi wa kilo moja unatosha, na faida yake unajilaza ukafuata umbo la ndoo.

Ndoo ya mafuta ya kula ni sawa, ioshe mafuta yaishe, ifute kwa kinywaji kikali. Konyagi ina asilimia 35, sawa kabisa na shochu, pombe kali ya Kijapani, anayotumia mama mkwe. Masufuria ya alumini chemshia soya, lakini miso isilale humo, chumvi itayala.

Chumvi usipunguze. Nitaacha mwingine aelezee presha, mimi najua ndoo tu: chumvi nusu kwenye miso ya kukaa miezi ni kuikaribisha ichache na ioze.

Mkemia wa Moro

Nakazia mambo mawili nimwachie Sefu jukwaa.

Sumukuvu haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Ndiyo maana shemeji ana haki ya kuwa mkali: Ukambani, Kenya, mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi, na mwaka 2016 ikatupiga Dodoma na Manyara. Mchele mkavu safi na soya nzima havina hatari kubwa kama mahindi na karanga, lakini nunua vya mavuno mapya, vilivyokauka, uchambue mwenyewe. Mbegu nzuri haisafishi nafaka mbovu.

Presha: Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima. Bakuli moja la supu linachukua miso kijiko kimoja cha chakula, gramu 15 hivi, ambayo kwa asilimia 12 ni chumvi karibu gramu 2. Kwa hiyo pima kwenye bakuli la mama mkwe, mpe nusu kijiko na mchicha mwingi, na usiweke chumvi nyingine. Na muulizeni daktari wake. Ndoo iacheni na chumvi yake.

Nyambura, Jeonju

Hamjambo nyote. Mimi niko Korea Kusini, na naona mnamfanya Mama Tunu aamini kuwa bila kifurushi cha Japani hakuna kitu. Bibi mwenye nyumba wangu hapa hajawahi kununua mbegu maishani mwake.

Doenjang, yaani rojo la soya la Kikorea, ndugu wa miso, inaanza na soya pekee. Anachemsha, anaponda, anafinyanga matofali, yakikauka juu anayafunga kwa nyasi za mpunga na kuyaning'iniza majira ya baridi. Zile nyasi zinaleta bakteria wa Bacillus subtilis, na ukungu unakuja wenyewe. Mwanzo wa mwaka wa kalenda ya mwezi anayaosha, anayaanika, anayatia kwenye mtungi wa udongo unaopumua na maji ya chumvi. Anapima kwa yai bichi: likielea na kuonyesha juu ya maji duara la ukubwa wa sarafu ya won 500, chumvi imetosha. Anatupia makaa na pilipili kavu. Siku 40 hadi 60 baadaye anatenganisha: maji ndiyo mchuzi wa soya, matofali anayaponda ndiyo doenjang, inarudi mtungini miezi mingine. Unapata vitu viwili kwa kazi moja. Desemba 2024 UNESCO iliuweka ujuzi huu kwenye orodha yake ya urithi, na si kwa sababu ya mabibi kununua vifurushi.

Nyasi za mpunga Iringa si ziko? Pawaga kumejaa mashamba.

Mkemia wa Moro

Nyambura dada yangu, doenjang naiheshimu, ila kwa hapa nasema hapana. Matofali ya bibi yanakaushwa kwenye baridi kavu, mikononi mwa mtu aliyeyaona maisha yake yote. Na bado serikali ya Korea imeweka kikomo cha kisheria cha sumukuvu kwenye vyakula hivyo, maana ukungu wa hewani hauulizwi jina. Udongo wetu huku una flavus wa kutosha. Mtu anayeanza, asiye na maabara ya kupimia, akining'iniza soya kibarazani Pawaga anacheza kamari.

Nyambura, Jeonju

Hapo sawa, hoja ya hewa ya huko naikubali. Lakini Mama Tunu, siku ukipata matofali yaliyokwisha kutengenezwa, hatua ya mtungi na yai unaweza kuifanya popote. Mimi mwenyewe mwaka huu nayanunua tayari, chumba changu ni cha ghorofani na jirani wa juu hapendi harufu. Chapati Mbili hajakosea sana.

Bi Zuhura, Mombasa

Salaam aleikum. Nataka kuwatoa hofu wa pwani wanaosoma kimya kimya. Watu hudhani miso ni ya baridi tu. Kule Japani kwenyewe viwanda vingi hupasha vyumba joto hadi nyuzi 30 ili miso iive kwa miezi badala ya mwaka. Hiyo nyuzi 30 sisi twapewa bure. Miso ya asilimia 12 huku kwangu huwa nyekundu iliyokolea katika muda ambao mtu wa Nagano, kwenye baridi la Japani, angali anangoja. Kasoro yake ni kuwa haina ule upole wa iliyolala kipupwe chote, ladha yake ina pupa kidogo. Mimi yanipendeza.

Kwa asiye na subira kuna ile nyeupe tamu, kama ya Kyoto. Soya nusu kilo, koji kilo nzima, chumvi gramu 125 tu. Hiyo chumvi ni kidogo, kwa hiyo wiki mbili tatu nje, kisha friji, na ile upesi. Mama Tunu, hii ndiyo ya mama mkwe ukitaka chumvi haba: si ile ya ndoo iliyokatwa nusu, ni aina yake mbali, na haiwekwi ikazeeka.

Na kwa Waislamu wenzangu: miso nyingi za dukani zimetiwa alkoholi ili zisiendelee kuchacha na kufurisha pakiti. Someni karatasi ya nyuma. Ya nyumbani haitiwi kitu. Ndoo mimi huifuta kwa maji ya moto na siki, Konyagi namwachia Bwana Sefu. Kuhusu kile kidogo kinachojizalisha chenyewe ndani, waulizeni wenye elimu, mimi ni mpishi.

Nyeupe hiyo mpake samaki changu usiku mmoja, asubuhi mpanguse, mchome kwa makaa ya mbali. Mpanguse vizuri maana ina sukari, huungua kabla samaki hajaiva.

Mama Tunu, Iringa

Jamani mmenipa shule. Shemeji nimemsomea yote kwa sauti. Kwa Mkemia alitikisa kichwa, kwa Nyambura akasimama, niliporudia "kijani ni jalala" akakaa. Amesema atakuja mwenyewe na tochi saa ya 40, akiona kijani anamwaga yeye. Nimekubali.

Bado mawili. Kwa huu mkaa wa sasa, nikitumia presha kuka kuna ubaya? Na nasikia juu ya miso kunatokea maji meusi na utando mweupe, hapo ndipo shemeji atanimwagia ndoo nzima.

Sefu wa Okazaki

Presha kuka itumie, kwa mwinuko wenu ndiyo mkombozi, dakika 20 hadi 30 baada ya kuanza kupuliza. Ila soya inatoa povu na maganda yake yanaziba tundu la mvuke, na tundu likiziba hilo ni bomu. Chemsha kwanza bila kufunga, engua povu lote, kisha soya na maji visizidi theluthi ya chombo. Utapika mara mbili tatu, vumilia. Maji ya kuchemshia bakiza kikombe. Koji ikiwa imekauka na mchanganyiko haushikani, ongeza humo kidogo kidogo.

Maji meusi ni tamari, mchuzi unaojitoa kwenye miso, dalili njema, koroga yarudi ndani au chota upikie. Utando mweupe tambarare ni chachu, hauna sumu, ukwangue tu maana unaharibu harufu. Ukungu wenye manyoya, wa kijani, bluu au mweusi, kwetu hapa mama mkwe anachota na tabaka nene la chini yake anaendelea. Kwako wewe na shemeji sikuamulii. Ila ukiziba hewa kwa ile nailoni na chumvi ya pembeni, mara nyingi hautauona.

Ukifika mwezi wa tatu fungua, geuza ya chini ije juu, kandamiza upya, punguza uzito nusu. Iringa si Mombasa, ningeionja kwa mara ya kwanza mwezi wa sita. Na supu ikishaiva epua kwanza ndiyo ukoroge miso, usiirudishe ikatokota.

Chapati Mbili

Mimi nataka tu kujua saa ya 40 inaangukia usiku au mchana, nije na chai.

Mama Tunu, Iringa

Nikinyunyizia mbegu Ijumaa saa kumi jioni inaangukia Jumapili saa mbili asubuhi. Njoo na maandazi.